Kuchagua Njia ya Msituni kwa Baiskeli ya Umeme: Mafunzo ya Njia ya Misafara Tabora

Mji wa Tabora umesimama juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Mtu akitazama pande zote haoni mlima wa kutisha, ila vilima vya mawe hapa na pale, na kati yake misitu ya miombo inayoenea hadi upeo wa macho. Kwa anayetaka kuingia misituni humo kwa baiskeli, nchi ya namna hii yaonekana kuwa rahisi. Hata hivyo wakazi wa Uyui, Sikonge na Urambo wanajua vema ya kuwa mwendeshaji hodari hushuka na kuisukuma baiskeli yake mahali ambapo ardhi ni tambarare kabisa. Kinachomshinda si mlima, bali ni udongo.

Jambo hili limepata uzito mpya kwa kuwa baiskeli zenye mota ya umeme zimeanza kuonekana katika miji ya Afrika Mashariki. Mrina asali ambaye kambi yake iko mbali msituni ana kila sababu ya kuitamani baiskeli ya namna hiyo. Lakini mota ikizimika kwa kukosa umeme katikati ya pori wakati wa kiangazi, mwenyewe hubaki na chuma kizito, ndoo ya asali na kibuyu cha maji kinachopungua. Kwa hiyo kuchagua njia si suala la starehe tu. Makala haya yanaeleza jinsi njia za msituni zinavyoweza kupimwa kabla ya safari, na kwa nini njia fupi mara nyingi si njia nyepesi.

Misafara ilivyochagua njia

Wafanyabiashara kutoka pwani walifanya makao yao Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, mnamo mwaka 1852. Burton na Speke walipofika hapo tarehe 7 Novemba 1857 walikuwa wametembea kwa siku 134 tangu pwani. Njia waliyoifuata, ambayo iliendelea mpaka Ujiji, haikuwa barabara kwa maana ya leo. Ilikuwa ni ujia mwembamba wa kupita mtu mmoja nyuma ya mwingine, na mpagazi wa Kinyamwezi aliupita akiwa amebeba frasila mbili hivi, yaani kilo 32 au zaidi.

Ujia huo ulipinda mara kwa mara. Mti ulipoanguka, njia iliuzunguka. Bonde lilipojaa maji, njia ilipanda ukingoni. Wageni wengi waliona kwamba kupinda huko ni kupoteza nguvu. Kumbe wapagazi walikuwa wakifanya hesabu isiyoandikwa: hatua kumi za ziada juu ya ardhi imara ni nafuu kuliko hatua tano ndani ya tope. Kirangozi, aliyetangulia mbele ya msafara, aliziba njia zisizofaa kwa kulaza kitawi cha majani panapo njia panda, ili walio nyuma wasipotee.

Kati ya Ugogo na Tura, upande wa mashariki wa Unyamwezi, palikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali, lenye maji haba. Kwa mapori kama hayo misafara ilikuwa na utaratibu uitwao terekeza. Badala ya kuondoka alfajiri kama kawaida, watu walikunywa na kujaza vibuyu, wakaondoka alasiri, wakalala pasipo maji, na kuyafikia maji ya mbele asubuhi ya pili. Msingi wa utaratibu huo ni kwamba safari hupimwa kwa akiba iliyobebwa. Umbali peke yake hautoshi kuwa kipimo. Betri ya baiskeli ni kibuyu cha namna nyingine, na sheria yake ni ile ile.

Udongo uliopangwa kama mnyororo

Mnamo mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alieleza jambo ambalo wakulima wa Afrika Mashariki walikuwa wakilijua kwa vitendo. Aliona kwamba udongo wa nchi hizi haukutawanyika ovyo, bali hufuatana kwa mpango kutoka kilele cha mwinuko hadi bondeni, kama pete za mnyororo. Mpango huo huo hurudiwa mwinuko baada ya mwinuko. Akauita "katena", neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo.

Katika nchi ya Unyamwezi mnyororo huo waweza kuelezwa kwa ufupi hivi. Juu ya mwinuko mara nyingi hupatikana udongo mwekundu au changarawe ngumu za moramu. Kwenye mteremko, maji ya mvua ya maelfu ya miaka yameondoa chembe laini na kuacha mchanga, ambao Wasukuma, majirani wa Wanyamwezi, huuita luseni. Chembe laini zilizochukuliwa zimetua bondeni na kufanya mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi usioota miombo, bali nyasi na migunga.

Kwa sababu hiyo msafiri anaweza kuutambua udongo wa mbele yake kabla ya kuufikia, kwa kutazama miti na mteremko. Njia inayofuata mgongo wa mwinuko hubaki juu ya udongo wa aina moja kwa masafa marefu. Njia inayokata mabonde hupita pete zote za mnyororo, moja baada ya nyingine, kisha huzirudia upande wa pili.

Mchanga ni mlima uliolala

Gurudumu linapobingirika juu ya ardhi imara, hubonyea kidogo na kunyooka tena, na nishati inayopotea ni ndogo. Juu ya mchanga mkavu, chembe husukumwa mbele na pembeni, na gurudumu hujichimbia bonde dogo ambalo halina budi kulipanda kila wakati. Nishati iliyotumika kuzisogeza chembe hizo hairudi.

Na ichukuliwe baiskeli ya umeme yenye kilo 27, mwendeshaji wa kilo 65, na ndoo ya lita 20 ya asali, ambayo uzito wake ni kilo 28 hivi, kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji. Jumla ni kilo 120. Juu ya njia ya udongo iliyoshindiliwa vizuri, kani ya kuuvuta uzito huo ni kama sehemu 2 katika 100 ya uzito wenyewe, sawa na kuvuta kilo 2.4. Katika mchanga mlegevu kani hiyo yaweza kufika sehemu 10 katika 100, sawa na kilo 12. Hiyo ndiyo kani inayohitajika kupanda mlima unaoinuka mita 100 kwa kila kilomita. Kwa maneno mengine, kilomita moja ya mchanga juu ya ardhi tambarare ni mlima wa mita 100 uliolala. Jicho haliuoni, lakini miguu na betri huuhisi.

Hapo ndipo panapoeleweka kwa nini watu hushuka. Mtu mwenye afya huweza kutoa wati 75 hivi kwa muda mrefu. Akizitumia zote dhidi ya kani ya kilo 12, mwendo wake ni kilomita 2.3 tu kwa saa, nao hautoshi kuiweka baiskeli wima. Mota ya wati 250 ikimsaidia, mwendo hupanda hadi karibu kilomita 10 kwa saa. Basi mota humwezesha kuupita mchanga, lakini gharama haikuondoka. Imehamishwa kutoka miguuni na kupelekwa katika betri.

Kuipima njia kwa mizani ya kuning'iniza

Kipimo hiki hakihitaji maabara. Mizani ya springi yenye ndoana, kama ile inayotumika masokoni, yatosha. Baiskeli hupakiwa mzigo wake, mtu mmoja huipanda na kukaa bila kukanyaga pedali, na mwingine huivuta taratibu kwa mwendo usiobadilika, mizani ikiwa imefungwa kati ya mkono na baiskeli. Mahali pawe tambarare. Kilo zinazosomwa kwenye mizani ndizo kani ya njia hiyo.

Kuvuta kilo moja ya mizani kwa umbali wa kilomita moja hugharimu jouli 9,800, yaani wati-saa 2.7. Kiasi cha robo ya umeme wa betri hupotea kama joto ndani ya mota na nyaya, na kiasi kingine huliwa na upepo. Hivyo yafaa kuhesabu wati-saa 4 kwa kila kilo ya mizani kwa kila kilomita. Betri ya volti 36 na ampea-saa 14 huhifadhi wati-saa 500 hivi. Bila mwendeshaji kukanyaga, hesabu ni hizi:

Njia imara: kilo 2.4 za mizani, karibu wati-saa 10 kwa kilomita. Betri yatosha kilomita 50.

Mchanga mlegevu: kilo 12 za mizani, karibu wati-saa 48 kwa kilomita; betri yatosha kilomita 10 tu.

Katika mchanga hali huweza kuwa mbaya zaidi ya hapo, kwa sababu mota inayozunguka polepole huku ikielemewa na mzigo hugeuza sehemu kubwa zaidi ya umeme kuwa joto. Mota inayochemka isipopumzishwa huweza kuungua.

Na ichukuliwe kwamba kambi ya asali ina njia mbili. Ya kwanza ina kilomita 9, na kati ya hizo 7 ni za mchanga. Ya pili inazunguka juu ya mwinuko na ina kilomita 16 za udongo imara. Ya kwanza inahitaji wati-saa 356 kwenda, na nyingine 356 kurudi; jumla ni 712, nayo inaipita betri. Ya pili inahitaji 160 kwenda na 160 kurudi. Jumla ni 320, na zinabaki 180. Mwenye kufuata njia fupi atasukuma baiskeli na asali kwa miguu kabla hajaona moshi wa kijiji. Mwenye kuzunguka atafika akiwa na akiba inayozidi thuluthi ya betri.

Thuluthi hiyo isiguswe kwa desturi. Hiyo ndiyo maji ya terekeza: ni ya mti ulioziba njia, ya kupotea, au ya kumrudisha mgonjwa.

Njia hubadilika na majira

Tabora ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza yapata Novemba na kwisha Aprili au Mei. Katika majira hayo thamani ya njia hugeuka. Mchanga uliolowa kiasi huwa imara, kwa sababu maji membamba yaliyo kati ya chembe huzishikanisha. Mbuga, kwa upande wake, huwa tope zito linalonata kwenye tairi mpaka gurudumu likakwama. Wakati wa kiangazi mambo ni kinyume: mchanga hulegea, na mbuga hukauka ikawa ngumu kama sakafu, ingawa nyufa na nyayo za ng'ombe zilizokauka huitikisa baiskeli vibaya. Kwa hiyo vipimo vya mizani vilivyochukuliwa Julai visitumike Januari. Ni afadhali kuwa na daftari lenye kurasa za misimu yote miwili.

Hewa ya tairi nayo huchangia. Gurudumu la nyuma lenye kubeba kilo 80, likiwa na hewa ya kilo 4 kwa sentimita mraba, hugusa ardhi kwa sentimita mraba 20 hivi. Hewa ikipunguzwa hadi kilo 2, eneo hilo huwa 40, na gurudumu huzama pungufu kuliko hapo awali. Tairi pana hufaa zaidi kwa kazi hiyo. Lakini penye mawe na mizizi hewa irudishwe, la sivyo mpira wa ndani utabanwa na ringi na kutoboka. Pampu ndogo ni sehemu ya mzigo wa safari.

Yasiyopimwa kwa mizani

Njia iliyo nyepesi si lazima iwe njia iliyo halali. Misitu mingi ya Tabora ni hifadhi, na shughuli ndani yake huongozwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Ruhusa iombwe kwa wasimamizi wa msitu au serikali ya kijiji kabla ya kuondoka. Pori la Ugalla lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na kanuni zake ni kali zaidi. Baiskeli ya umeme haina kishindo, hivyo mwendeshaji huweza kumkaribia nyati au tembo bila upande wowote kujua. Kengele ipigwe penye vichaka na kona.

Tena kuna mbung'o, waitwao pia ndorobo, wanaoeneza malale. Wadudu hawa hukifuata kitu kikubwa kinachotembea, na huvutwa zaidi na rangi ya samawati iliyokoza na nyeusi. Nguo za rangi ya udongo zenye mikono mirefu ni kinga ya kwanza, na homa yoyote baada ya safari isipuuzwe.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na upagazi wa masafa marefu ukafifia. Hata hivyo vijia vya kuelekea mizingani, visimani na mashambani bado ni vingi, na kila kimoja kina gharama yake iliyofichwa chini ya majani makavu. Kijiji kinachonunua baiskeli ya kwanza ya umeme kingefanya vema kununua mizani ya springi siku hiyo hiyo, kuvipima vijia vyake wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, na kulaza kitawi penye njia isiyofaa.