Ruhusa ya Kwenda Msituni

Mwaka 1960, Kenya ikiwa bado koloni, ilitungwa sheria ya ndoa na talaka za Wahindu. Sababu za kudai talaka zilizotajwa humo nyingi ni zile zijulikanazo kila mahali: uzinzi, ukatili, kutelekezwa, wazimu usiopona. Katikati yake ilikuwapo moja ambayo huenda karani wa mahakama aliisoma mara mbili: kwamba mwenzi ameipa dunia kisogo, ameingia utawani, na amekaa huko mbali na watu kwa muda usiopungua miaka 3. India yenyewe ilikuwa imeshaiandika sababu hiyo ya utawa katika Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya 1955.

Tazama jinsi watunga sheria walivyopanga. Mtoro wamemwekea kifungu chake, mtawa naye chake. Wa kwanza amekosa. Wa pili amefuata njia ambayo watu wake wameiheshimu tangu zama za kale. Lakini mke aliyebaki nyumbani, mumewe awe mtoro au mtawa, alipitia mlango ule ule wa mahakama. Sioni jamii nyingine iliyolitafakari kwa muda mrefu hivyo suala la mtu kuacha mke, watoto na wazazi akaishi peke yake mwituni. Wahindu hawakulikataza. Walichofanya ni kuliwekea masharti, wakagombana juu ya masharti hayo kwa zaidi ya miaka 2,000, na ugomvi wenyewe ndio wenye mafunzo kuliko majibu.

Sharti kubwa ni deni. Maandiko ya Veda yanasema mtu, na hapo alimaanishwa Brahmini wa kiume, yaani wa tabaka la makuhani, huzaliwa na madeni matatu: kwa wenye hekima wa kale, ambalo hulipwa kwa kusoma, kwa miungu, ambalo hulipwa kwa sadaka, na kwa mababu, ambalo hulipwa kwa kuzaa. Anayekimbilia msituni kabla ya kulipa amekimbia wadai, hata akikesha kwa ibada.

Utenzi wa kale wa Mahabharata una kisa cha mtawa Jaratkaru, ambaye katika kuzurura kwake aliona watu wananing'inia kichwa chini ndani ya shimo, wameshikilia kichaka cha nyasi ambacho panya anaitafuna mizizi yake. Akawahurumia, akawauliza ni akina nani. Wakamwambia: sisi ni mababu tunaoanguka kwa kukosa kizazi, tunaye mjukuu mmoja tu, mpumbavu aitwaye Jaratkaru, anayejitesa kwa ibada na hataki kuoa. Basi akaoa, lakini kwa sharti kwamba mke akimuudhi siku moja tu, ataondoka. Siku ikafika: mke alimwamsha jua linapotua ili asikose sala ya jioni, naye akaudhika, akaenda zake na kumwacha mkewe mjamzito. Mababu waliokolewa. Deni lililipwa kwa hesabu. Kwa utu, msomaji ataamua mwenyewe. Mimi kila nikikumbuka kisa hiki namwona yule mwanamke, ambaye kosa lake lilikuwa kumjali.

Ili mambo kama hayo yasiwe holela, waandishi wa sheria za dini waliyagawa maisha katika hatua nne: mwanafunzi, mwenye nyumba, mkaaji wa msituni, na mwisho sanyasi, yule aliyeacha kila kitu. Mtafiti Patrick Olivelle ameonyesha kwamba hapo mwanzo hizi hazikuwa hatua. Zilikuwa njia nne ambazo kijana, akimaliza masomo, alichagua mojawapo aishi nayo hadi kufa. Baadaye ndipo zikapangwa kama ngazi na msitu ukasogezwa uzeeni. Huo, kwa maoni yangu, ni werevu mkubwa. Jamii haikuweza kumzuia mtu mwenye kiu ya upweke, ikamwambia: sawa, lakini subiri. Sheria zinazohusishwa na Manu zinataja hata dalili za wakati: ngozi ikunjamane, nywele ziote mvi, na mwana wa mwanao awe amezaliwa. Hapo mzee anaweza kumkabidhi mkewe kwa wanawe au kwenda naye, akaishi kwa mizizi na matunda.

Dola nayo haikukaa kando. Arthashastra, kitabu cha utawala kinachohusishwa na Kautilya, kinaagiza faini kwa mwanamume anayeingia utawani bila kuwaandalia mke na watoto riziki. Kautilya hakuwa na haja na roho ya mtu. Alitaka kujua shamba atalilima nani na watoto watakula nini, na sidhani kama kuna swali lililo bora zaidi la kuanzia.

Mtu aliyelijibu swali hilo vizuri ni Yajnavalkya, mwalimu mkubwa wa maandiko ya Upanishadi. Alipoazimia kuondoka alimwambia mkewe Maitreyi kwamba anataka kwanza kumgawia mali yeye na mke mwenzake, Katyayani. Maitreyi akamuuliza kama mali hiyo, hata ingeijaza dunia nzima, ingempa uzima usiokufa. Mume akakiri kwamba isingempa. Basi nifundishe hicho unachokiendea, akasema mke, na mafundisho yaliyofuata ni miongoni mwa kurasa zinazothaminiwa mno katika dini hiyo. Katyayani hakuulizwa neno. Hata hivyo, mambo yalisemwa mchana, na mali iliwekwa mezani kabla ya safari.

Kisha kuna Siddhartha.

Huyu, ambaye baadaye ulimwengu ulimwita Buddha, alikuwa na miaka 29 kwa simulizi zinazojulikana zaidi, mwana wa mtawala wa Wasakya. Alikuwa na mke, Yashodhara, na mtoto wa kiume, Rahula, ambaye simulizi nyingi zinasema alikuwa amezaliwa karibuni. Hana mvi, hana mjukuu, hana ruhusa. Aliondoka usiku juu ya farasi wake Kanthaka, mkewe amelala. Kwa kipimo cha ngazi ile ya hatua nne, kila kitu katika safari hiyo ni kosa. Wafuasi wake wenyewe hawakulificha, na hilo huwapa heshima machoni pangu. Mshairi Ashvaghosha, Mbudha aliyeandika kisa cha maisha ya Buddha kwa Kisanskriti, alimpa Yashodhara nafasi ya kulalamika kwa kirefu. Analalamika kwamba mumewe anataka kutenda wema bila mwenzake wa ndoa, ilhali wafalme wa zamani walikwenda msituni na wake zao. Anamgeukia hata farasi aliyerudi bila mpanda: leo analia kwa sauti kubwa, lakini usiku ule alipokuwa akimchukua mume wa mtu alinyamaza kimya. Karne nyingi baadaye, katika miaka ya 1930, mshairi wa Kihindi Maithili Sharan Gupt aliandika utenzi mzima kwa jina la Yashodhara. Malalamiko ya mwanamke humo si kwamba mume amekwenda. Ni kwamba hakumwambia. Alimwona ni kikwazo, kana kwamba mke asingeweza kumuaga kwa heshima, kama wake wa wapiganaji wanavyowaaga waume zao wakienda vitani.

Buddha aliporudi kwao Kapilavastu miaka kadhaa baadaye, Yashodhara hakutoka kumlaki. Alimtuma mtoto: nenda kamdai baba yako urithi wako. Sijui dai jingine lililo fupi na zito kama hilo. Buddha akamwambia mwanafunzi wake Sariputta amwingize mtoto katika utawa. Urithi ndio huo. Babu, Mfalme Suddhodana, ambaye sasa alikuwa amepoteza mwana na mjukuu, akaenda kwa mwanawe akamwomba kitu kimoja: kuanzia sasa asipokewe mtoto wa mtu bila wazazi wake kukubali. Buddha alikubali, na kanuni hiyo imo katika sheria za watawa hadi leo. Maana yake ni kwamba kama kanuni hiyo ingemhusu yeye usiku ule wa farasi, asingetoka.

Hoja ya watetezi wake tunaijua: mamilioni wamefaidika, familia moja iliumia. Hoja hiyo inategemea matokeo, na matokeo hayajulikani mtu anapovuka kizingiti. Kwa Buddha mmoja aliyepata nuru, ni wangapi waliondoka vivyo hivyo, wakafa kwa homa porini bila kupata chochote, na wake zao hawakuandikiwa utenzi?

Ruhusa nayo, hata inapopatikana, ina mashaka yake. Simulizi za Shankara, mwanafalsafa wa Kaladi huko Kerala, zinasema alikuwa mtoto pekee wa mama mjane, na mama hakutaka awe sanyasi. Siku moja wakiwa mtoni, mamba akamdaka mguu. Mtoto akapiga kelele: mama, nakufa, niruhusu basi nife nikiwa nimeiacha dunia. Mama angefanyaje? Akaruhusu. Mamba akamwachia, na kijana akashika njia, baada ya kuahidi kwamba atarudi kumfanyia mazishi. Wanaosimulia hufurahia ujanja wa mtoto. Mimi naona ruhusa iliyotolewa na mtu asiyekuwa na uwezo wa kukataa, na ruhusa za wake wengi katika historia hii zilikuwa za namna hiyo, mamba hayupo lakini njaa, aibu na neno la wakwe vipo. La kumsifu Shankara ni kwamba alirudi. Sanyasi haruhusiwi kufanya ibada za mazishi, maana amekata udugu wote. Ndugu wakakataa kumsaidia, naye akaichoma maiti ya mama yake peke yake. Alivunja kanuni ya utawa ili atimize ahadi ya mwana.

Kukata udugu huko si maneno matupu. Anayeingia usanyasi hunyolewa, huvua uzi mtakatifu, na hujifanyia mwenyewe ibada za maiti kana kwamba ameshakufa. Hupewa jina jipya. Katika matabaka kumi ya watawa wanaomhesabu Shankara kuwa mwasisi wao, mawili yanaitwa Vana na Aranya, yaani msitu. Akifa kweli, kwa kawaida hachomwi kama Wahindu wengine. Huzikwa, kwa kuwa mazishi yake yalishafanyika. Kwa sheria ya zamani mali yake ilikwenda kwa warithi siku ile ile ya kunyolewa, na hilo lilikuwa jambo jema kwa familia: marehemu huachia kila kitu, mtoro huacha sintofahamu.

Lakini marehemu huyu anakula. Manu anamwelekeza aende kuomba chakula mara moja kwa siku, moshi wa jikoni ukishakwisha, mchi umetulia kinuni, makaa yamezimika na watu wameshakula. Ni adabu nzuri, asimnyang'anye mtu tonge. Lakini mchi huo ulishikwa na nani? Manu mwenyewe anakiri kwamba mwenye nyumba ndiye bora kati ya wote wanne, kwa sababu ndiye anayewalisha watatu wengine. Upweke wa porini unabebwa na mwanamke wa kijijini. Kwetu Afrika Mashariki vijana wa jando walipelekwa porini wakiwa kundi, na kungwi, na siku ya kurudi ikajulikana. Hakuna aliyejidai kwamba anajitegemea.

Mzigo huo wa wengine unaonekana pia kwa mtawa Ramana Maharshi. Alitoroka nyumbani Madurai mwaka 1896, akiwa na miaka 16. Kaka yake alikuwa amemwagiza achukue rupia 5 akalipe ada ya chuo. Akachukua 3 za nauli, akaacha 2 na barua. Akaenda mlima Arunachala, akaishi mapangoni. Mama yake, Alagammal, alimfuata, akalia, akarudi mikono mitupu. Mwaka 1916 akaja tena, safari hii kuishi huko huko mlimani, na kwa kuja kwake likaanza jiko: watawa waliokuwa wakila vya kuomba sasa wakapikiwa. Alipofariki mwaka 1922 alizikwa chini ya mlima. Mwanawe akahamia penye kaburi lake, na makao yote ya Ramana yanayotembelewa leo yamekua kulizunguka kaburi hilo. Mtoto hakurudi nyumbani, nyumba ilimfuata.

Wanawake walipotaka njia hiyo hiyo, mapokezi yalikuwa mengine. Mirabai, aliyeolewa katika ukoo wa kifalme wa Mewar katika karne ya 16, alimchagua mungu Krishna badala ya jumba la wakwe, na simulizi zinasema wakwe walijaribu kumuua kwa sumu. Na huko Vrindavan, India, wapo hadi leo wajane wanaoimba nyimbo za ibada hekaluni kwa sahani ya wali. Baadhi walikwenda kwa hiari yao. Wengi waliachwa huko na familia, na watu wakauita utawa. Hapo kipimo kimepinduka: aliyeondoka ndiye aliyetelekezwa.

Ninapofika hapa mizani yangu inaegemea upande wa wanaobaki. Mwenye watoto wadogo, au wazazi wasio na mwingine, sioni wito utakaomhalalishia msitu, awe Siddhartha au mtu asiyejulikana. Akishalipa anachodaiwa ni jambo jingine, na hapo hata ruhusa siidai. Kunti, mama wa ndugu Pandava katika Mahabharata, aliwalea wanawe akiwa mjane, akawachochea wapigane warudishiwe haki yao, akawaona wameshika ufalme. Kisha, shemeji yake kipofu Dhritarashtra alipokwenda msituni na mkewe Gandhari, naye akawafuata kuwahudumia. Wanawe walilia. Walimuuliza kwa nini aliwasukuma vitani kama alikusudia kuwaacha wakishashinda. Akajibu kwamba alifanya hivyo wasije wakadharauliwa, hakuutafuta ufalme ili aufaidi yeye. Wakamsihi tena, wakamfuata njiani, naye hakugeuka. Wanawe walikuwa watu wazima, wafalme, wenye wake na majeshi. Walikuwa na haki ya kulia, si haki ya kumzuia.