Mghafala Ni Mkali Kuliko Simba

Mwezi Agosti 2021, watoto wanne wa jamii ya wafugaji wilayani Ngorongoro walirejea kutoka shule, kisha wakaingia msituni kuwatafuta ng'ombe waliopotea. Huko walikutana na simba. Watatu kati yao, wenye umri wa miaka 9 hadi 11, waliuawa. Wa nne alinusurika akiwa na majeraha.

Tangu Hifadhi ya Ngorongoro ianzishwe mwaka 1959, watu, mifugo na wanyamapori wamekuwa wakiishi humo kwa pamoja. Nasi wa Karatu tumepakana nayo. Waongoza watalii, wapishi wa kambini, walinzi wa usiku, na kina mama waokotao kuni kandokando ya msitu, wote hutafuta riziki ya halali jirani na tembo, nyati na chui. Kazi hizo hatuwezi kuziacha. Linalotupasa kuacha ni mazoea. Aliyewaona tembo mara mia wakipita kwa amani husahau kwamba hawakuwahi kumpa ahadi yoyote, na anayepita njia ileile kila siku hafikirii kwamba leo huenda nyati dume aliyejitenga na kundi amelala kichakani.

Katika Surat Yusuf tunasoma kwamba Nabii Yaakub (a.s.) alihofia mwanawe asije akaliwa na mbwa mwitu, na hofu hiyo aliifungamanisha na kughafilika kwa wale waliokabidhiwa mtoto. Baadaye ikabainika kuwa mbwa mwitu alisingiziwa tu. Mnyama hufuata maumbile aliyopewa na Muumba wake, wala hana hesabu ya dhambi. Mwenye kuulizwa juu ya amana ni mwanadamu.

Wapo wanaosema, "Ajali haina kinga, tumtegemee Allah." Ni kweli kwamba ajali zetu zimo mikononi mwa Allah (SWT). Lakini Mtume (SAW) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo atawakali. Wanazuoni nao wameihesabu hifadhi ya nafsi miongoni mwa makusudio makuu ya Sharia.

Kufunga ngamia kwetu sisi kuanze na kuutazama mwezi. Mwaka 2011, Craig Packer na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mamia ya watu walioshambuliwa na simba kusini mwa Tanzania. Walibaini kwamba mashambulizi mengi hutokea saa za mwanzo za usiku, na huongezeka sana katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Simba hupata mawindo machache usiku wenye mbalamwezi, hivyo huwa na njaa. Na kuanzia hapo mwezi huchelewa kuchomoza, kiza kikatanda mara baada ya Maghrib. Sisi tunaofunga Ayyaamul-Bidh, tarehe 13, 14 na 15, tunayo kalenda ya tahadhari mikononi mwetu. Zikishapita siku hizo, tuzidishe uangalifu baina ya Maghrib na Isha.

Kwa hiyo, mlinzi asizunguke gizani peke yake bila kurunzi. Kina mama waende kuni kwa kundi, jua likiwa limepanda, huku wakizungumza kwa sauti ili mnyama asishtukizwe. Madrasa za jioni ziwaruhusu watoto mapema, na wa mbali wasindikizwe na watu wazima. Mwajiri Mwislamu naye ajue kwamba usalama wa mfanyakazi wake ni sehemu ya haki zake, kama ulivyo ujira.

Kanuni za serikali za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama mkali, na malipo hayo yakaitwa kifuta machozi. Jina hilo ni la kweli, kwa kuwa fedha hufuta machozi tu. Ng'ombe akipotea jioni, na alale huko aliko. Kukipambazuka, wazazi wamfuate wenyewe. Ng'ombe hununuliwa mwingine, mtoto hana badali.