Jibini la moto lisilo na ngano, kutoka kwenye mtindi wa Usukumani

Vitafunwa vya sherehe za Kahama, Shinyanga mjini na Geita vinafanana: sambusa, maandazi, chapati zilizokatwa vipande, keki, na pembeni bakuli la mchuzi wa kuchovya. Karibu vyote ni ngano, nafaka ambayo mkulima wa Usukumani halimi. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania huingia kwa meli. Wakati huohuo nyumba nyingi zinazoandaa sherehe hizo zina mtama, mhogo, viazi vitamu na maziwa ya ng'ombe wao wenyewe. Vyakula hivyo vinatosha kupika mchuzi mzito wa jibini, wa moto, wa kuchovya, ambao hata mgeni asiyeweza kabisa kula ngano ataufurahia. Kinachotakiwa ni kujua mambo mawili: wanga unafanya nini ndani ya sufuria, na kwa nini jibini moja huyeyuka na jingine hukataa.

Tuanze na huyo mgeni. Ngano, shayiri na rai zina protini za kundi linaloitwa gluteni. Ndizo zinazofanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Mwenye ugonjwa wa seliaki akila gluteni, kinga yake ya mwili hushambulia utando wa utumbo wake mwenyewe, na vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula vinasinyaa. Matokeo yake ni kuharisha kusikokoma, kukosa damu, na kwa watoto kudumaa. Duniani ugonjwa huu unakadiriwa kumpata takriban mtu 1 kati ya 100, na wengi wao hawajui. Wapo wanaosema ni maradhi ya Wazungu. Si kweli: uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba kati ya watoto wa Kisahrawi, watu wenye asili ya Sahara Magharibi, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao.

Aliyegundua kwamba ngano ndiyo chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa akiishuku tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukaadimika nchini mwake, na watoto wenye seliaki aliokuwa akiwatibu wakapata nafuu wakati wenzao wakidhoofika. Mkate uliporudi, na ugonjwa ukarudi. Mwaka 1950 aliueleza ugunduzi wake katika tasnifu yake ya udaktari.

Mtama, uwele na mahindi ni nyasi kama ngano, lakini ukoo wao ulitengana na wa ngano mamilioni ya miaka iliyopita, na protini zao ni nyingine kabisa. Jenomu ya mtama ilisomwa yote na kuchapishwa mwaka 2009, na walioichambua baadaye hawakukuta ndani yake jeni za gluteni inayowadhuru wagonjwa hawa. Mhogo na viazi vitamu si nyasi hata kidogo, ni mizizi. Kwa hiyo Msukuma anayekula ugali wa mtama kwa mlenda amekula chakula kisicho na gluteni bila kuhitaji pakiti ya bei mbaya iliyoandikwa hivyo kwa mbele.

Sasa mchuzi wenyewe. Vitabu vingi vya mapishi vinaagiza unga wa ngano ukaangwe kwenye siagi, umwagiwe maziwa, kisha jibini. Watu hudhani ngano imewekwa pale kwa sababu maalumu. Haina sababu. Katika mchuzi, gluteni haifanyi kazi yoyote ya maana. Kinachoufanya uwe mzito ni wanga. Punje za wanga zikipata maji na joto, za mhogo kuanzia nyuzi 60 hivi za Selsiasi, hunywa maji, huvimba na kuachia nyuzi zinazoyashika maji yaliyobaki. Wanga wa mhogo unaiweza kazi hiyo vizuri kuliko ule wa ngano, kwa sababu una kiasi kidogo cha amilosi, ile sehemu ya wanga inayojikunja na kukakamaa chakula kikipoa. Ndiyo maana mchuzi wa ngano ukikaa mezani hugeuka bonge na kutoa maji, na wa mhogo unabaki laini.

Kuupata wanga huo ni rahisi. Kuna mhogo mtamu mbichi, uloweke kwenye maji, ukamue kwenye kitambaa, uyaache maji yatulie. Baada ya saa kadhaa utakuta chini tabaka jeupe, gumu kiasi cha kukwaruzwa kwa kijiko, linalolia kidogo ukilibana kwa vidole. Mwaga maji, anika. Usitumie mhogo mchungu kwa njia ya mkato: sumu yake ya sianidi ndiyo iliyoleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, wilayani Tarime mwaka 1985.

Jibini ndilo linalowashinda wengi. La kuyeyuka huuzwa katika maduka makubwa ya mjini, na bei yake si ya kila mtu. Anayejaribu kulitengeneza nyumbani huchemsha maziwa, hukamulia limau, huchuja, hupata donge jeupe safi, halafu huliweka motoni na kushangaa: haliyeyuki, linakauka tu. Kosa si la mpishi. Protini kuu ya maziwa, kaseini, huelea kwa sababu chembe zake zina chaji ya umeme inayozifanya zisukumane. Tindikali ya limau huiondoa chaji hiyo. Maziwa yakifika pH 4.6 hivi, chembe zinagandana, na kadiri unavyozipasha moto ndivyo zinavyozidi kubanana na kutema maji.

Mtindi nao uko palepale, karibu na 4.5, ila tindikali yake imetengenezwa na bakteria polepole, bila moto mkali. Hapo ndipo penye mlango. Ukichuja mtindi, maji yake huondoka na sehemu kubwa ya kalsiamu iliyokuwa ikizifunga chembe za kaseini. Ukiirudishia kaseini hiyo chaji yake kwa bikaboneti ya sodiamu, ile inayouzwa madukani kwa jina la baking soda, chembe zinaanza kusukumana tena, zinashika maji, na zinakuwa gundi nzuri ya kuunganisha maji na mafuta. Zikipata joto, zinayeyuka. Wajerumani wa jimbo la Hesse wamekuwa wakipika jibini lao la sufuriani kwa njia hii, tena kwa maziwa mgando yanayokaribiana sana na ya kwetu.

Chukua lita 2 za mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Zitundike katika kitambaa safi usiku kucha, kisha kamua mpaka upate donge kavu la kama nusu kilo. Livuruge kwa vidole, nyunyizia kijiko kimoja cha chai cha baking soda, changanya, funika. Litatoa povu: ni kaboni dayoksaidi inayotoka tindikali inapouawa. Liache saa moja au mbili. Ukifunua utaona chembechembe nyeupe zimeanza kung'aa na kushikana, zikielekea rangi ya manjano iliyofifia. Hiyo ndiyo dalili unayoitaka. Usiongeze soda kwa kudhani itaharakisha. Ikizidi, mchuzi una ladha ya sabuni. Na magadi ya mawe yaache kwenye maharage: mara nyingi yana floridi, na maji ya visima vingi vya Shinyanga tayari yanayo ya kutosha kuharibu meno ya watoto.

Weka sufuria ndogo juu ya maji yanayochemka, tia vijiko vinne vikubwa vya samli na lile donge, koroga taratibu mpaka liwe uji unaovutika. Koroga kijiko kikubwa cha wanga wa mhogo katika nusu kikombe cha maziwa baridi (ukiutia wanga mkavu kwenye moto utapata mabonge), mimina, endelea kukoroga hadi uzito ushike. Chumvi, kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili. Maziwa ya ng'ombe wetu wa asili ni machache lakini yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe wa kigeni, na mchuzi huu unaonyesha faida yake.

Cha kuchovya ni matobolwa, si michembe. Michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa vibichi, kwa hiyo lazima vipikwe. Matobolwa vilichemshwa kwanza; wanga wake ulikwishavimba na kuiva kabla ya jua, ndiyo maana vinatafunika hivyohivyo. Utamu wake na chumvi ya jibini vinapatana sana. Mihogo ya kukaanga inafaa pia, vivyo hivyo karoti mbichi.

Kwa walio karibu na machimbo madogo ya dhahabu, kuna onyo zito kuhusu vyombo vya kupikia. Sufuria au jiko lililowahi kutumika kuchomea dhahabu yenye zebaki lisiguse chakula hata likioshwa mara ngapi. Uchomaji huo umechunguzwa kwa miaka mingi, Rwamagasa mkoani Geita ikiwa moja ya sehemu hizo, na sumu yake huenda kwenye ubongo.

Kwa wapishi wa sherehe, ombi ni moja. Mihogo ikikaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga maandazi imeshachukua gluteni, na kwa mwenye seliaki kiasi kidogo tu kinatosha kumdhuru. Tengeni karai moja la mafuta mapya, kijiko chake na bakuli lake la mchuzi, na mwambieni mgeni liko wapi kabla foleni ya chakula haijaanza.