KHABARI ZA MARANGU, NCHI YA KAHAWA



Sisi wa visiwani twaujua mkarafuu tangu utotoni, lakini wenzetu wa bara waishio kwa mti kama sisi, wengi wetu hatuwajui. Basi leo natoa khabari za Marangu, katika nchi ya Wachagga, kwani yaliyowafika wao hayako mbali na yetu.

NCHI YENYEWE

Marangu iko kusini-mashariki mwa mlima Kilimanjaro, katika Wilaya ya Moshi. Mtu atokaye Moshi mjini hufuata njia ya Taveta mpaka Himo, kisha hushika njia ya kushoto akapanda. Chini ni tambarare kavu yenye joto. Kadiri apandavyo hewa hupoa, migomba huzidi, na maji husikika kila upande. Wenyeji husema kuwa jina Marangu maana yake ni mahali penye maji mengi. Juu ya mashamba uko msitu, na juu ya msitu kilele cha Kibo, futi 19,341.

Wengi hudhani maji hayo yatoka katika barafu. Sivyo, mengi ni ya mvua inyeshayo msituni. Barafu iliyokuwapo mwaka 1912, zaidi ya robo tatu yake ilikwisha toweka ilipofika 2011.

Nyumba za Marangu hazikusongamana. Kila mtu hukaa katika kihamba chake, yaani nyumba na shamba pamoja: juu miti mirefu, chini yake migomba, kisha mibuni, na chini kabisa magimbi. Ng'ombe hulishwa zizini, na samadi hurudi migombani. Mipaka hupandwa masale, na mkosaji huchukua jani la sale kwenda kumwomba radhi aliyemkosea.

WATAWALA NA WAGENI

Zamani kila nchi ya Uchaggani ilikuwa na mtawala wake, aitwaye Mangi. Mangi Marealle wa Marangu alifanya urafiki na Wajerumani, akapata nguvu kwao. Jirani yake Mangi Meli wa Moshi, aliyepigana nao, alinyongwa mwaka 1900. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walianzia Marangu safari yao ya kufika kileleni, Oktoba 1889, na husimuliwa kuwa kijana wa huko, Yohani Kinyala Lauwo, aliwaongoza njia. Tanganyika ilipopata uhuru, Disemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge juu ya kilele kile, kikaitwa Uhuru. Hata leo vijana wengi wa Marangu hupata riziki kwa kuongoza wageni na kuwachukulia mizigo mlimani.

MIFEREJI

Mito ya huko hupita mabondeni, na mashamba yako juu migongoni. Kwa hiyo wazee wa kale walichimba mifereji, wakayakinga maji juu karibu na msitu na kuyateremsha polepole mpaka vihambani. Kila mfereji ulikuwa na ukoo wake na mzee wake. Siku ya kuzibua, kila nyumba ilitoa mtu. Asiyekuja alitozwa faini au alinyimwa maji. Mabomba yalipokuja, na vijana walipokwenda mijini, baadhi ya mifereji iliachwa ikakauka.

KAHAWA

Kahawa ilipandwa kwanza na mapadri wa misheni ya Kilema, jirani na Marangu, mwishoni mwa karne ya 19. Masetla hawakupenda Mwafrika ailime. Wakulima wa Uchaggani wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, katika vyama vikuu vya ushirika vya mwanzo Afrika. Fedha ya kahawa ikasomesha watoto na kuezeka nyumba mabati.

Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. KNCU ikarudi mwaka 1984. Kisha mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Mibuni ilikuwa imekwisha zeeka. Wengine waliiacha, wengine waliing'oa wakapanda migomba na mboga. Na kihamba alichokigawa babu kwa wanawe, hao wakakigawa tena, kipande cha mjukuu hakimtoshi. Ndipo wengi wakahamia Dar es Salaam na Arusha, wakawa hurudi kwao kila Disemba kuwasalimu wazee.

Wanachama wenzangu, eka tatu alizopewa baba baada ya Mapinduzi ya 1964, leo warithi wake ni wangapi? Na mikarafuu iliyomo, ni nani aliyeotesha miche ya kushika nafasi yake? Bei ya soko la dunia haimo mikononi mwetu, kama isivyokuwa mikononi mwa Wamarangu. Lakini mche na siku ya kazi ya pamoja vimo mikononi mwetu. Mwenye mikarafuu mizee asingoje ianguke ndipo aanze kutafuta miche, na warithi wa shamba moja wakae wapatane juu ya palizi kabla msimu haujaingia.

Katibu wa Chama