Kipakatalishi Kikikosa Mtandao: Tuanzie Wapi?

Kipakatalishi, au laptopu kama wengi tunavyoiita, si pambo tena katika nyumba zetu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne hukitumia kuomba nafasi ya chuo kwa KUCCPS na mkopo kwa HELB. Binti aliye chuoni huwasilisha kazi zake kwacho, mama anayeuza mabuibui na deira hupokea oda zake humo, na baba aliye Muscat au Dubai huonana na wanawe kwa njia hiyo hiyo. Mtandao ukikatika usiku ule ule wa mwisho wa maombi, nyumba nzima hutaharuki: mmoja akizima na kuwasha, mwingine akibonyeza kila kitufe, na wa tatu keshakitia mkobani kukipeleka kwa fundi.

Hapo ndipo tunapoomba subira. Neno letu leo ni moja: kabla ya kugusa chochote, ijulikane kwanza ni wapi palipokatika. Kasoro nyingi za aina hii hutengenezeka nyumbani bila ya gharama, na bila ya kumkabidhi mtu baki chombo ambacho ndani yake mna picha za familia, barua na nyaraka zetu.

Mfano wa maji

Sisi wa Mombasa twayajua maji ya Mzima, yanayosafiri zaidi ya kilomita 200 hadi kutufikia. Mfereji ukikauka, mwenye busara haanzi kwa kuung'oa. Humuuliza jirani kama kwake yatoka, kisha huangalia tangi, kisha bomba la nje. Mtandao nao una safari kama hiyo. Hutufikia kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama ule wa TEAMS uliofika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Kutoka pwani huenda kwa kampuni inayotuuzia, kisha kwa waya au mnara hadi kwenye rauta, yaani kile kisanduku chenye taa ndogo ndogo, na kutoka hapo hupita hewani kwa waifai mpaka kwenye kipakatalishi. Kazi yetu ni kujua ni pingu ipi ya mnyororo huu iliyokatika.

Jaribio la kwanza: simu

Chukueni simu, mzime data yake, muache waifai peke yake. Sharti hili ni muhimu, kwa sababu simu yenye bando hukwepa waifai mbovu kimya kimya na kumhadaa mwenyewe kuwa mtandao wa nyumbani ni mzima. Kisha fungueni ukurasa ambao hamjaufungua siku hiyo. Ukifunguka, rauta na kampuni hazina lawama, na kasoro imo ndani ya kipakatalishi. Usipofunguka, kiacheni kipakatalishi kama kilivyo, mkatazame rauta.

Ikiwa nyumba nzima haina mtandao

Anzeni na malipo. Aghalabu mtandao wa nyumbani hulipiwa kwa mwezi, na muda ukiisha taa huweza kuendelea kuwaka kana kwamba hapana lililotokea. La pili ni nyaya: aliyefagia au mtoto aliyepita mbio huweza kuulegeza mmoja, basi zisukumeni zote zikae imara. La tatu, chomoeni waya wa umeme wa rauta, msubiri nusu dakika, mrudishe, kisha muipe dakika tano. Lakini kile kitundu kidogo kinachobonyezwa kwa ncha ya sindano msikiguse, kwani hufuta mipangilio yote iliyowekwa na kampuni.

Wenye mtandao wa waya wa faiba watazame taa iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu, maana yake mwanga unaopita ndani ya waya ule haufiki. Ikibaki hivyo baada ya kuwasha upya, hapana la kufanya ila kuipigia simu kampuni na kuwaambia rangi ya taa hiyo. Waya huo usikunjwe kwa nguvu, wala ncha yake isichunguliwe kwa jicho.

Na kuna nyakati ambazo kasoro iko mbali na sote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na mtandao wa Kenya na jirani zake ukazorota. Siku kama hiyo hata fundi bora wa mtaa hana dawa.

Ikiwa ni kipakatalishi peke yake

Tazameni kwanza kitufe chenye picha ya ndege au ya mnara, ambacho huwa katika safu ya juu ya vitufe. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, mawasiliano yote ya hewani hufungwa. Mama mmoja wa mtaani kwetu alikiacha kipakatalishi chake kwa fundi siku mbili, akalipia ukaguzi, kisha akaelezwa kuwa kilichokuwa kimekizuia ni kitufe hiki tu. Mjukuu wake alikuwa amekichezea.

Pili, zingatieni kuta. Nyumba zetu za mawe na chokaa, za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa, zina kuta nene ambazo hupunguza nguvu ya waifai. Rauta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya namna mbili: ya 2.4, yanayofika mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi, na ya 5, yenye kasi lakini hafifu mbele ya ukuta. Rauta ikiwa ukumbini nanyi mko chumba cha ndani, chagueni yale ya 2.4, au msogee karibu mjaribu tena.

Tatu, tazameni saa na tarehe. Kipakatalishi kilichokaa kabatini miezi huweza kupoteza tarehe, na tovuti za serikali na za benki hukataa kufunguka kwenye chombo kinachosema huu ni mwaka 2015. Ni kwa kuwa hati za usalama za tovuti hizo zina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Rekebisheni tarehe, na mara nyingi mlango hufunguka papo hapo.

Nne, kiwasheni upya kwa kuchagua «Restart» badala ya «Shut down». Katika Windows za sasa, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya hali ya awali pamoja na kasoro zake, ilhali «Restart» huanza upya kabisa. Kisha lifuteni jina la waifai yenu kwa «Forget», mlichague tena na kuandika neno la siri kwa uangalifu, herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Kama vijana wameweka programu ya VPN, izimeni pia, maana ikikwama huziba njia yote.

Yakishindikana hayo yote, lipo «Network reset» katika mipangilio ya mtandao ya Windows. Hiyo huurejesha mtandao wa kipakatalishi katika hali ya kiwandani na kufuta maneno ya siri ya waifai zote, basi yaandikeni kwanza karatasini. Mafaili na picha hazifutwi.

Usiku wa dharura

Iwapo muda wa maombi unakwisha, msipigane na waifai. Unganisheni simu yenye bando na kipakatalishi kwa ule waya wa kuchajia, kisha katika mipangilio ya simu mruhusu mtandao upite kwa waya huo. Wasilisheni maombi kwanza, ukarabati utafuata. Jambo hili lina faida ya pili: kipakatalishi kikipata mtandao kwa waya na kuukosa kwa waifai, huenda kilichoharibika ni kipokezi cha waifai pekee. Kipo kipokezi kidogo cha kuchomeka ubavuni, mfano wa flashi, ambacho bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kipakatalishi kipya.

Kabla ya kumpa fundi

Siri ya mtungi muulize kata, na siri ya nyumba siku hizi mwulize kipakatalishi. Ikibidi kiende dukani, picha za harusi, za watoto na za akina mama wakiwa nyumbani bila hijabu zihamishwe kwenye flashi na kufutwa humo. Tokeni katika barua pepe na WhatsApp. Fungueni akaunti ya pili isiyo na kitu, mumpe fundi neno la siri la hiyo. Kasoro ya mtandao haihitaji kufungua mafaili ya mtu, na fundi mwaminifu hataudhika mkiomba kukaa naye akifanya kazi.

Tunashauri zoezi hili lifanywe mchana, mtandao ukiwapo, watoto wakiwa karibu. Kila mmoja akionyeshe kitufe cha ndege, azijue taa za rauta zikiwa katika hali njema, na ajaribu mwenyewe kuunganisha simu kwa waya. Nambari ya kampuni na ya akaunti yenu ziandikwe karatasini na kubandikwa ukutani kando ya rauta, kwa sababu siku mtandao utakapokatika, hamtaweza kuzitafuta mtandaoni.