Kuandika Namba kwa Kompyuta

Chukua kamba yenye urefu wa mita 10. Ikate vipande 3 vilivyo sawa. Je, kila kipande kina urefu gani?

Kompyuta ikiagizwa kwa lugha ya Python igawanye 10 kwa 3, huandika tarakimu 16 baada ya nukta. Rula yako haiwezi kupima urefu mdogo kiasi hicho. Kwa hiyo, twaiagiza kompyuta namna ya kuandika jibu. Tazama mifano hii:

format(10/3, ".2f") huandika 3.33
format(1250000, ",") huandika 1,250,000
format(7, "03") huandika 007

Agizo la kwanza huacha tarakimu mbili baada ya nukta. La pili hutenga tarakimu tatu tatu kwa mkato. La tatu huongeza sifuri kushoto mpaka zitimie tarakimu tatu.

Jihadhari! Maagizo haya hubadili sura ya namba tu. Hayabadili thamani iliyohifadhiwa. Jumlisha 3.33 mara tatu. Utapata 9.99. Sentimita moja ya kamba imepotea! Basi, maliza hesabu kwanza, ndipo upunguze tarakimu.

Zoezi: format(45, "05") itaandika nini?