Breki Kwanza: Kuliandaa Gari la Barabarani kwa Siku ya Uwanja wa Mbio



Katika mikutano yetu na vijana wa Kampala, Wakiso na Mukono, swali moja hujirudia kila tunapozungumzia mashindano ya usiku barabarani: "Afande, mkitukataza barabara, twende wapi?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake lipo. Mwendo wa kasi una mahali pake, napo ni uwanja uliofungwa, wenye wasimamizi, gari la wagonjwa na vizima moto, usio na mtoto avukaye wala bodaboda itokeayo pembeni. Garuga, upande wa Entebbe, na Busiika katika Wilaya ya Luweero ni mahali ambapo wapenzi wa mbio wamepazoea. Barabara ya kasi ya Kampala–Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, si uwanja wa mbio. Kikomo chake ni kilomita 100 kwa saa, na aitumiaye ana haki ya kufika kwake salama.

Hata hivyo, jibu hilo halikamiliki tukiishia hapo. Gari liendalo uwanjani asubuhi ndilo hilo hilo lirudilo jioni likipita Kajjansi na Najjanankumbi, katikati ya watu watokao kazini na masokoni. Iwapo breki zake zimeungua uwanjani, hatari tuliyoiondoa barabarani usiku tumeirudisha mchana.

Hili tulijifunza kwa mmoja wetu. Alikwenda kujaribu gari lake la kila siku, lile apelekalo watoto shuleni, nalo lilikuwa limetoka gereji wiki hiyo hiyo kwa ukaguzi wa kawaida. Katika mzunguko wa nne kanyagio la breki lilizama hadi sakafuni. Alishusha gia, akatoka nje ya njia, akasimama majanini bila kuumia. Baada ya nusu saa kanyagio lilirudi kuwa gumu kana kwamba hakuna lililotokea, naye alikuwa tayari kuwasha gari arudi nyumbani. Fundi mzee aliyekuwapo ndiye aliyemzuia. Tunaandika makala haya ili kila msomaji aelewe kwa nini fundi yule alikuwa sahihi.

Breki hufanya kazi gani?

Breki haiui mwendo, bali huugeuza kuwa joto. Gari la kilo 1,300 likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa hutoa joto linalotosha kupasha takribani lita moja na nusu ya maji ya bomba hadi yachemke. Kutoka kilomita 140 kwa saa, joto hilo hukaribia maradufu. Kanuni yake ni hii: mwendo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne.

Mjini, dereva hufunga breki akiwa na mwendo mdogo, kisha breki hupata muda wa kupoa. Uwanjani hufunga kwa nguvu katika kila kona, mzunguko baada ya mzunguko, na joto jipya hulikuta la zamani halijatoka. Ndiyo maana gari lililopita ukaguzi kwa heshima zote laweza kushindwa ndani ya dakika kumi. Dereva wa lori ayajuaye materemko ya Kabale na Kisoro, au ya Kapchorwa kuelekea Mbale, ataielewa habari hii bila kufundishwa. Naye hupambana na joto lile lile.

Breki iliyozidiwa na joto hushindwa kwa namna mbili, na ni lazima kuzitofautisha. Kanyagio likiwa laini na kuzama, mafuta ya breki yamechemka. Kanyagio likiwa gumu lakini gari halisimami, pedi ndizo zilizozidiwa. Dawa ya kwanza haiponyi ya pili.

Mafuta ya breki

Mafuta haya hubeba nguvu ya mguu hadi kwenye magurudumu kwa sababu hayashindiliki. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hushindilika. Mguu hukandamiza mapovu, wala nguvu haifiki.

Tena mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa polepole, hata kama chupa yake haivuji. Kadiri yanavyonyonya, ndivyo yanavyochemka upesi. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi. Yakiwa yameloa, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Magari mengi tunayoyatumia yameingizwa nchini yakiwa yamekwisha kutumika, na mara nyingi mwenye gari hajui mafuta yaliyomo yana umri gani. Asiyejua na ayahesabu kuwa yameloa.

Kwa hiyo, kazi ya kwanza ni kuyatoa mafuta yote ya zamani na kutia mapya ya DOT 4 au DOT 5.1, kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo, na kutoa hewa katika magurudumu yote manne. Chupa iliyokaa wazi rafuni kwa miezi haifai hata kama imejaa. Jihadharini na DOT 5 isiyo na nukta moja mbele yake: hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine. Kazi hii haina gharama kubwa, na kwa maoni yetu hakuna shilingi itumikayo vizuri zaidi kuliko hiyo.

Pedi na diski

Pedi nyembamba hupitisha joto upesi hadi kwenye mafuta. Pedi yenye milimita tatu yaweza kuvumilika mjini kwa siku chache kabla ya kubadilishwa. Uwanjani ni mwaliko wa balaa. Tunashauri mtu asiende na pedi zilizokwisha kupita nusu ya unene wake wa mwanzo, na achukue seti nyingine ya akiba.

Pedi za kawaida zimetengenezwa zikamate vizuri zikiwa baridi. Zile za uwanjani hustahimili joto kubwa, lakini baadhi yake hukamata vibaya zikiwa baridi, hupiga kelele na kula diski. Mwenye gari moja tu achague zile za kati, zifaazo pande zote mbili. Asiendeshe mjini kwa pedi za mbio tupu, kwa maana mtoto avukaye barabara saa moja asubuhi hatasubiri pedi zipate moto.

Jihadharini vilevile na pedi za bandia. Nembo kwenye boksi haithibitishi kilichomo. Nunueni kwa muuzaji mnayemfahamu, mdai risiti, na mtazame kama pedi imeshikamana sawasawa na bamba lake la chuma.

Diski nayo ina unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, ambao kwa kawaida huandikwa kwenye ukingo au kitovu chake. Fundi aupime kwa kifaa, asiukisie kwa jicho. Ufa unaofika ukingoni, mtetemo kwenye kanyagio au mikwaruzo mirefu ni sababu tosha ya kubadilisha. Diski zibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa. Punguza mwendo kwa nguvu ya wastani kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa saa, mara nane au kumi, bila kusimama kabisa, kisha endesha polepole ili zipoe. Zoezi hili lifanyike uwanjani katika mizunguko ya kwanza. Lisifanyike katika barabara ya umma, ambako aliye nyuma yako hajui unachokusudia.

Mipira, mabomba na vumbi

Mipira ya breki huzeeka na kupasuka kwa ndani kabla ya nje. Ikunjwe kwa vidole na itazamwe. Ukiona ufa, uvimbe au unyevu, badilisha. Geuza usukani hadi mwisho pande zote uone kama mpira haugusi tairi.

Uwanja wa murram una adha zake. Mawe hupiga mabomba yaliyo chini ya gari, na vumbi huingia kati ya pedi na diski na kuziba kichungi cha hewa. Kagua mabomba ya breki na ya petroli kabla na baada. Tazama pia kama pini za kalipa zinateleza vizuri. Pini iliyokwama hufanya gurudumu moja kubeba kazi ya mawili, na gari huvutwa upande mmoja dereva akanyagapo breki.

Mambo mengine ya gari

Breki husimamisha magurudumu, lakini tairi ndilo lisimamishalo gari. Tairi lina tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye kashata nzuri laweza kuwa limekauka kwa uzee. Pima upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, upime tena mara utokapo uwanjani, kwa sababu joto huuongeza. Usisahau kuurekebisha tena matairi yakipoa, kabla ya kuondoka.

Nati za magurudumu zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa kiwango cha mtengenezaji, na zikaguliwe tena baada ya mzunguko wa kwanza. Betri ifungwe isicheze. Jeki, tairi la akiba, chupa za maji, zulia la miguuni na kila kilicho huru kitolewe. Chupa iliyobingirika chini ya kanyagio imekwisha kuwapokonya watu breki nzima zisizo na kasoro. Oili na maji ya injini viwe katika kiwango chake. Dereva avae kofia ngumu iliyo imara, nguo za pamba za mikono mirefu na viatu vyenye soli nyembamba. Tena asome mkataba wake wa bima, kwa maana mikataba mingi hailipi hasara ipatikanayo katika mbio.

Ukiwa uwanjani

Mzunguko wa kwanza ni wa kupasha moto. Baada ya hapo, mizunguko michache kisha upoe. Gari la barabarani halikuumbwa kwa nusu saa ya kufululiza. Mzunguko wa mwisho uendeshwe taratibu, breki ikiguswa kwa nadra, ili hewa ipitayo iondoe joto.

Ukiegesha, usivute breki ya mkono. Pedi zenye moto zikibanwa mahali pamoja huacha alama kwenye diski, na mtetemo huanza hapo. Acha gari ndani ya gia, au kwenye P kama ni la otomatiki, na uweke jiwe au kigingi nyuma ya gurudumu.

Kanyagio likizama, lipige haraka mara kadhaa ili kurudisha shinikizo, shusha gia moja moja, vuta breki ya mkono kidogo kidogo, na elekea palipo wazi. Ukisikia kanyagio limebadilika hata kidogo, toka. Hakuna aliyewahi kuadhibiwa kwa kurudi mapema.

Kabla ya kurudi nyumbani

Sasa tunarudi kwa mwenzetu na yule fundi. Mafuta yaliyochemka yakipoa, mvuke hugeuka kuwa maji tena na kanyagio hurudi kuwa gumu. Ugumu huo hudanganya. Mafuta yale yamekwisha kuonyesha kiwango chake, na yatachemka tena siku ya mteremko mrefu au msongamano mkali, safari hii kukiwa na watoto kiti cha nyuma. Fundi aliyatoa yakiwa meusi, akatia mapya, akatoa hewa, kisha akafungua magurudumu. Pedi za mbele zilikuwa zimeng'aa kama kioo na ukingo mmoja umemeguka. Hazikurudi barabarani.

Kwa hiyo tunawaomba nyote mjiwekee sheria hii: gari lisitoke uwanjani kabla ya kutazamwa unene na uso wa pedi, ukingo wa diski, mipira, kiwango cha mafuta ya breki, nati na matairi. Jaribu breki kwa mwendo mdogo ndani ya uwanja. Lolote likitiliwa shaka, gari libebwe au livutwe. Nauli ya gari la kukokota ni ndogo kuliko gharama ya matanga.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Sisi tunaokwenda kuzipima ajali kwa futi barabarani twajua kwamba nyingi zilikuwa na kinga, nayo iliachwa gerejini kwa kuokoa fedha kidogo. Vijana wetu, hatuwachukii kwa kupenda mwendo. Upelekeni mahali pake, mkiwa na breki mlizozikagua kwa macho yenu, na mrudipo mtukute barabarani tukipungiana mikono. Mwenye swali afike katika kituo cha polisi kilicho karibu naye aonane na afisa wa usalama barabarani. Mlango uko wazi.